"Kwa Wote" ni kwa Nani? Majigambo ya Bidhaa za Teknolojia na Wasikilizaji Wake Homa Bay na Migori

Utangulizi

Methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza hutajwa mara nyingi kana kwamba imekwisha kumaliza mjadala wote wa biashara. Haijaumaliza. Historia ya teknolojia nchini Kenya inaonyesha kwamba vizuri vilitembezwa sana na vibaya vilitembezwa sana. M-Pesa ilipigiwa debe kwa mabango, redio na maduka yaliyopakwa rangi ya kijani kutoka Mombasa hadi Isebania. Maputo ya intaneti ya kampuni ya Loon nayo yalipigiwa debe dunia nzima. La kwanza limekuwa sehemu ya maisha; la pili lilidumu miezi michache. Kwa hiyo kutembezwa peke yake hakutuambii lolote kuhusu hatima ya bidhaa.

Makala haya yanadhamiria kuichunguza lugha ya kutembeza bidhaa hizo kwa jicho la fasihi simulizi na sarufi, tukiangalia hasa kaunti za Homa Bay na Migori, eneo lililojulikana zamani kama Nyanza Kusini. Wataalamu wa biashara wana maelezo yao kuhusu kuanguka kwa bidhaa zenye sifa nyingi: mtaji, bei, wakati usiofaa. Hatuwapingi. Hoja yetu ni kwamba aghalabu sababu hizo huwa zimekwisha kujificha ndani ya tangazo lenyewe, na mwanafunzi wa Kiswahili anazo nyenzo za kuzifichua kabla mtu hajatoa shilingi yake.

Suala hili si la nadharia tupu. Bidhaa inaposhindwa kununuliwa mashambani au ufuoni, lawama humwangukia mnunuzi: huambiwa kwamba ni mgumu wa kubadilika, kwamba hakuelimishwa vya kutosha, kwamba anahitaji semina. Tuhuma hii imewaandama sana watu wa kando ya ziwa. Sisi tunaona kwamba wasikilizaji hao walilielewa tangazo barabara, pengine kuliko aliyelitunga.

Kivugo kilichovaa vazi la tondozi

Wanafunzi wa fasihi simulizi wanaijua tofauti kati ya kivugo na tondozi. Katika kivugo, au majigambo, mtu hujisifu mwenyewe: nguvu zake, ukoo wake, matendo yake vitani au uwindaji. Katika tondozi, msanii humsifu mwingine, awe mtu, mnyama au kitu. Tofauti hii inaonekana ndogo darasani, lakini ina uzito mkubwa sokoni. Anayejisifu hujulikana kuwa na maslahi, na hadhira humpa uhuru wa kutia chumvi. Anayekisifu kitu kisicho chake husikilizwa kama shahidi.

Tangazo la bidhaa ya teknolojia ni kivugo kilichovaa vazi la tondozi. Sauti inayosikika kutoka kwenye lori la promosheni sokoni Rongo au Oyugis inakisifu kifaa kana kwamba ni sauti ya mpita njia aliyependezwa. Inakisifu kwa nafsi ya tatu: kina kasi, kina nguvu, hakina mfano. Lakini anayelipia lori, muziki na fulana zinazogawiwa ni mwenye kifaa. Hadhira haihitaji shahada kulitambua hilo, na katika eneo tunalolizungumzia ina sababu ya ziada ya kulitambua.

Jamii inayolipia kusifu

Waluo, ambao ndio wengi katika kaunti hizi mbili, wana utanzu uitwao pakruok. Neno lenyewe linatokana na pako, yaani kusifu, na kiambishi cha mwisho kinakirudisha kitendo kwa mtendaji, kama kifanyavyo kiambishi -ji- cha Kiswahili katika kujisifu. Profesa Peter Amuka ni miongoni mwa wataalamu walioushughulikia kwa undani utanzu huu pamoja na ngero, yaani methali. Hapa tutagusa sifa moja tu ya uwasilishaji wake.

Nyatiti au gitaa la benga likiwa limechanganya, mtu husimama na kumnyamazisha mpigaji. Hutoa pesa. Kisha hujisifu: yeye ni mkwe wa fulani, ni wa kijiji fulani chenye ng'ombe wasiohesabika, ni rafiki wa mtu ambaye akikohoa ziwa hutulia. Hadhira hucheka na kushangilia, na muziki huendelea mpaka mwingine asimame. Msomaji azingatie mtiririko wa pesa katika tukio hilo. Anayejisifu ndiye anayelipa. Hadhira haimdai ushahidi wa ng'ombe hao, na yeye haidai hadhira chochote ila masikio. Sifa imekwisha kulipiwa pale pale; hakuna deni linalobaki.

Tukiliangalia lori la promosheni kwa mizani hiyo, mambo mengi yanayoitwa ujinga wa soko yanaeleweka. Umati unajaa, unacheka, unacheza, unapokea fulana, kisha unatawanyika bila kununua. Meneja aliyetoka Nairobi huandika katika ripoti yake kwamba mwitikio ulikuwa mkubwa mno, kisha hustaajabu mauzo yanapokosa kufuata. Kwa hadhira, hapakuwa na mkataba wowote. Mwenye bidhaa alisimama, akatoa pesa, akajisifu, akashangiliwa. Kununua ni shughuli nyingine, yenye lugha nyingine: lugha ya kumuuliza jirani, fundi na shemeji. Ndiyo lugha ambayo makampuni huisikia mwisho.

Mbita, 2008: sentensi isiyo na kitenzi

Sasa tuingie ziwani. Uvuvi wa omena, yaani dagaa wa Ziwa Viktoria, hufanywa usiku wa kiza. Taa huelea juu ya maji, omena hukusanyika kwenye mwanga, wavu huvutwa. Kwa miongo mingi taa hiyo ilikuwa karabai ya mafuta taa. Karabai ina ila nyingi: inakula mafuta, inachoma mikono, mafuta yake humwagika majini.

Mwezi wa Aprili 2008 kampuni ya Ujerumani ya Osram, ikishirikiana na shirika la Global Nature Fund, ilifungua huko Mbita kituo cha kuchaji betri kwa nguvu za jua. Mvuvi angekodi taa ya kubana umeme na betri yake, aende nayo ziwani, airudishe betri kituoni kuchajiwa. Gharama ya kuchaji ilikusudiwa iwe nafuu kuliko mafuta. Mradi ulipewa jina la Kiswahili: Umeme kwa Wote. Magazeti ya nje ya nchi yaliuandika kama mfano wa jinsi teknolojia ingewafikia watu wasio na nyaya za umeme, na ilitarajiwa kwamba vituo vya namna hiyo vingeenea kuzunguka ziwa.

Havikuenea kama ilivyotarajiwa. Miaka kadhaa baadaye karabai zilikuwa bado zinawaka kwa maelfu ziwani. Ni kwa nini?

Tuanze na jina. "Umeme kwa wote" si sentensi. Ni kikundi nomino. Hakina kitenzi, kwa hiyo hakina mtendaji, na kwa kuwa hakina mtendaji hakituambii nani anampa nani, lini, kwa sharti gani. Nafasi ya mtendaji imejazwa na "wote", neno ambalo kisarufi halimbagui yeyote. Lakini mradi ulikuwa na sharti: kabla ya kukabidhiwa taa na betri, mvuvi alitakiwa kuweka dhamana. Fedha hizo zingerudishwa siku akirudisha vifaa, na kwa mtazamo wa mhasibu hazikuwa gharama hata kidogo. Kwa mtazamo wa mvuvi zilikuwa ukuta. Baadaye ilibidi zitafutwe njia za mikopo midogo ili watu waweze kuuruka.

Ukuta huo tuutazame kwa karibu, maana hapa ndipo kiini cha jambo kilipo. Katika mtumbwi wa omena kuna mwenye chombo na kuna mabaharia wake. Gharama za usiku, yakiwamo mafuta taa, hukatwa katika mauzo kabla ya kugawana kinachobaki. Mafuta hununuliwa kwa kiasi cha usiku mmoja, tena mara nyingi kwa mkopo wa mwenye duka anayejua kwamba asubuhi omena watafika. Mwezi ukiwa mpevu hakuna uvuvi, na hakuna mafuta yanayonunuliwa. Gharama hupanda na kushuka pamoja na pato. Dhamana haishuki. Tena ni ya nani? Ya mwenye mtumbwi, ambaye tayari ana karabai zake? Au ya baharia, ambaye wiki ijayo huenda akawa katika mtumbwi mwingine? Betri ikitumbukia majini usiku wa dhoruba, nani amepoteza dhamana? Jina la mradi halikuwa na mahali pa maswali hayo. Ufuoni hayo ndiyo yaliyokuwa maswali ya kwanza.

Kisha kuna umbali. Kituo kimoja Mbita mjini hakimfai kwa urahisi mvuvi wa Nyandiwa au Mfangano, ilhali mafuta taa yanapatikana kila ufuo. Na kuna fundi. Karabai ikiharibika, kila gati ina mtu anayejua kuifungua. Taa mpya ilikuwa na fundi wake kituoni.

Itakuwa si haki kuiacha habari hii hapo. Osram haikuendelea kuwa mhimili wa kazi hiyo, lakini vituo vya Mbita na kwingineko viliendelezwa na Global Nature Fund na washirika wengine, ikiwamo wakfu wa Siemens, kwanza kwa jina la WE!Hub, halafu kwa jina la WeTu. Taa za LED zilichukua nafasi ya zile za mwanzo, na mvuvi akawa anakodi taa nzima kwa usiku. Nje ya vituo hivyo pia, katika miaka ya 2010, taa za LED na betri zilianza kuonekana ziwani, baadhi zikiwa zimeungwaungwa na wavuvi na mafundi wenyewe, bila jina wala lori la promosheni. Kwa hiyo wale walioambiwa kuwa ni wagumu wa kubadilika walibadilika, ila kwa masharti waliyoweza kuyabeba.

Mpenzi wa sarufi ataona pia safari ya jina: kutoka -ote hadi -etu. Kiwakilishi kimoja kinajumlisha watu wasiojulikana. Kingine kinadai umilikaji. Isitoshe, upatanisho wa "wetu" umeiacha nomino yake wazi, kwani inaweza kuwa umeme wetu, mtu wetu au watu wetu. Sidhani kwamba aliyelichagua jina alifikiria hayo yote, na jina halikodishi taa. Lakini mabadiliko ya jina yalikwenda sambamba na mabadiliko ya mpango.

"Kwa wote" kutoka angani

Huenda msomaji akadhani kwamba tumelitwika neno moja mzigo mkubwa. Basi tulifuate neno hilo hilo lilipojitokeza tena, mara hii juu sana ya ziwa.

Mwezi wa Juni 2013 kampuni ya Google ilionyesha huko New Zealand maputo ya kurusha intaneti kutoka kimo cha kilomita 20 hivi. Mradi uliitwa Loon, na ulinadiwa kwa maneno yenye maana ya intaneti ya maputo kwa kila mtu. Mwezi wa Julai 2018 ulitangazwa ushirikiano na Telkom Kenya. Miaka miwili ilipita. Mwezi wa Julai 2020 huduma ilianza, ikitegemea maputo 35 hivi kulihudumia eneo la takribani kilomita za mraba 50,000 katika sehemu za magharibi na kati ya nchi. Kisumu na Kisii, majirani wa kaunti zetu mbili, zilitajwa. Mwezi wa Januari 2021 kampuni mama, Alphabet, ikatangaza kwamba Loon inafungwa. Viongozi wake walieleza kwamba hawakufanikiwa kupunguza gharama vya kutosha ili biashara idumu.

Maelezo hayo ni ya upande wa anayerusha puto. Upande wa anayelitazama, "kila mtu" alikuwa na sharti lake pia: simu inayopokea mawimbi ya 4G, kadi ya mtandao mmoja mahususi, na fedha za kununua data. Watu waliobaki bila mawimbi mpaka 2020 walibaki hivyo kwa sababu makampuni ya minara yalikwisha kupiga hesabu na kuona kwamba hawana cha kulipa. Puto halikuibadilisha hesabu hiyo. Liliipandisha juu tu. Nadhani hapa neno la Kiswahili kupaisha linatosha kwa maana zake zote mbili.

Neno lililoibwa kwa makanga

Ili tusidhani kwamba jambo hili ni la ziwa na vijiji pekee, tutoke kidogo tuende Nairobi, tena kwa sababu mfano wa huko unaipinga nusu ya hoja yetu.

Mwezi wa Aprili 2013 Google na benki ya Equity zilizindua kadi ya kulipia nauli ya matatu iliyoitwa BebaPay. Abiria angeigusisha kadi kwenye kifaa cha makanga, nauli ikakatwa. Jina hili lina kitenzi, na ni kitenzi hai: "beba" ni mwito wa makanga mwenyewe. Kwa kipimo cha sarufi tulichokitumia Mbita, jina hili lilistahili kufaulu. Serikali nayo iliongeza msukumo: iliagiza kwamba kuanzia Julai 2014 nauli zisilipwe tena kwa pesa taslimu, kisha ikausogeza mbele muda huo, kisha agizo likafifia. BebaPay ilifungwa Machi 2015.

Kitenzi kilikuwepo, mtendaji wake ndiye aliyesahauliwa. Anayebeba ni makanga na dereva. Wao hupata riziki kutokana na kinachobaki baada ya kumtimizia mwenye gari hesabu ya siku, na kinachobaki hugawanywa kwa noti zilizomo mkononi, jioni hiyo hiyo. Kadi ilizipeleka noti hizo benki moja kwa moja. Yaani neno la makanga lilichukuliwa likapambwa kwenye kadi ambayo kazi yake ya kwanza ilikuwa kumwondolea makanga pesa mkononi, halafu makanga huyo huyo akategemewa aisambaze. Abiria wengi wa Nairobi wanakumbuka kwamba kifaa cha kusoma kadi kilikuwa "kimeharibika" siku nyingi. Kitenzi kizuri, basi, hakitoshi. Inabidi tuulize kinamtendea nani.

Thika na Afrika Kusini: kitenzi kilichofaulu na kilichokwama

Kichwa hiki kidogo kinaweza kusomeka kirefu, lakini mfano wenyewe ni mmoja. Mwaka 2005 majaribio ya M-Pesa yalifanywa Thika na Nairobi kwa lengo la kuwawezesha watu kulipa mikopo midogo kwa simu. Hiyo ndiyo sifa iliyokusudiwa kuimbwa. Washiriki wa majaribio wakaanza kutumiana pesa, jambo ambalo halikuwa kiini cha mpango. Waliohusika wakatazama, wakaiacha sifa ya awali, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilikuja na mwito ambao kwa Kiswahili ni "tuma pesa nyumbani".

Msomaji ailinganishe sentensi hiyo na "umeme kwa wote". Ina kitenzi, ina mtendwa, ina mahali, na mtendaji wake ni wewe unayeambiwa. Zaidi ya yote, haikuagiza tendo jipya. Mfanyakazi wa mashamba ya chai Kericho aliyekuwa na mama Awendo alikuwa akituma pesa nyumbani tangu zamani, kwa bahasha aliyomkabidhi kondakta wa basi au kwa hawala ya posta, huku akisubiri kwa wasiwasi kusikia kama imefika. Mwenye kuisikia sentensi hiyo aliyajua tayari mateso ya tendo lenyewe. Watumiaji wenyewe huunda majina kwa njia hiyo hiyo. Simu ndogo zenye tochi ziliitwa nchini mwetu "mulika mwizi", jina ambalo hakuna kampuni iliyolitunga: kitenzi, mtendwa na usiku mzima wa kijijini ndani yake.

Hata hivyo, sentensi hiyo haikuwa hirizi. Vodacom ilizindua M-Pesa nchini Afrika Kusini mwaka 2010 ikilenga wateja milioni 10 katika miaka mitatu. Ilipofungwa Juni 2016 ilikuwa na watumiaji hai 76,000 hivi. Huko wengi walikuwa na akaunti za benki, na maduka makubwa yalikwisha kutoa huduma ya kutuma pesa kwa bei nafuu. Bahasha ya kondakta haikuwa kidonda cha mji ule. Tangazo lililokuwa shahidi Migori liligeuka kivugo Johannesburg, ingawa kifaa kilikuwa kile kile.

Anayetafsiri tangazo

Wengi wetu tutakapohitimu tutapewa, pamoja na kazi nyingine, vipande vya matangazo vya kutafsiri. Mwenye kazi atataka wepesi: "kwa wote", "kwa kila mtu", "maisha rahisi". Katika karatasi hizo liko neno moja la fedha ambalo hututoa jasho, nalo ni malipo yale ya mwanzo yanayowekwa na kurudishwa. Tukiyaita amana, tunamwambia mvuvi kwamba pesa zake zimetunzwa na ni zake bado. Tukiyaita rehani, tunamwambia kwamba amekiweka rehani kitu na anaweza kukipoteza. Tukiyaita arbuni, tunamwambia kwamba ameanza kununua, na kwamba akiacha njiani huenda asirudishiwe. Mtafsiri mvivu ataandika "dipositi" na kuyaacha yote matatu gizani. Betri ikizama katika mlango wa bahari wa Mbita, yule mvuvi ana haki ya kujua ni lipi kati ya maneno hayo matatu aliloliwekea sahihi, na hatuwezi kulichagua neno bila kwanza kumtaka mwenye mradi atuonyeshe kipengele kinachosema nini hutokea betri ikizama.